Begi nzito na mgongo kuuma: maswali yenye wazazi na wanafunzi huuliza kila shule zikifunguliwa

Nafanya kazi ya fizio, kutibu misuli na viungo kwa mazoezi, hapa Kisumu na kila muhula ukianza naulizwa vitu vilevile, kanisani, kwa stegi, hata nikinunua omena, so nimeamua kuviweka mahali pamoja. Wengine wenu mko Kakamega, Luanda, Ahero ama huko Seme na najua mtoto mwenye anapanda milima ya Maragoli kwa miguu na ule anatupwa na tuktuk kwa geti ya shule hawabebi mzigo sawa, kwa hivyo chukua yenye inakuhusu uache ingine.

Begi ya mtoto inafaa kuwa kilo ngapi?

Inategemea yeye mwenyewe ana kilo ngapi. Wataalamu wengi wanasema begi ikae kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa mtoto, madaktari wa watoto wa Marekani huwa wanaruhusu mpaka 20 lakini hapo ndio mwisho kabisa, na India kwa sera yao ya mwaka 2020 walikata maneno wakasema 10 basi. Mimi kwa wadogo na wale wanatembea mbali nashikilia 10. Mtoto wa kilo 30 asipite kilo 3. Mkubwa wa kilo 45 akibeba 4 na nusu yuko sawa, akikaribia 7 hapo mnacheza.

Kupima si kazi. Wale vijana wanakaa na mizani kando ya barabara hapo town, mtoto apande na begi, ateremke aweke begi chini, apande tena, unatoa moja kwa ingine. Ama uombe mama wa viazi ile mizani yake ya kuning'iniza. Lakini pima Jumatatu asubuhi akienda shule, sio Ijumaa jioni begi ikiwa na sweta peke yake ndio uniambie hakuna shida.

Na hiyo uzito yote inatoka wapi, mbona sisi tulikuwa tunaenda na mfuko wa karatasi?

Fanya hivi, leo jioni mwaga begi yote kitandani. Utapata vitabu vya masomo yote, hata yenye haiko kesho. Gredi ya 7 mpaka 9 sai wako na masomo 9, na hiyo ni baada ya kupunguzwa, halafu kila somo liko na kitabu cha kusoma na daftari yake, lingine liko na daftari mbili juu mwalimu anataka ya noti na ya mazoezi. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ni kama gramu 5, so daftari kubwa ya karatasi mia moja tayari inacheza nusu kilo, na ukiangalia vizuri ameandika kurasa kumi na mbili. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja kamili. Hotipoti ya chakula. Viatu vya mpira. Vitabu vya tuisheni. Na begi yenyewe ikiwa ile ngumu yenye mifuko saba inaweza kuwa na kilo nzima kabla hujaweka kalamu.

Lakini ukiuliza mtoto mbona anabeba kitabu cha sayansi na hakuna sayansi kesho, atakuambia "mwalimu anaweza badilisha". Hiyo ndio sababu kubwa kushinda zote. Anaogopa. Ratiba iko kwa ukuta lakini mwalimu wa Kiswahili hayuko, wa hesabu anaingia, mwenye hana kitabu anasimama ama anachapwa, so mtoto mwerevu anafanya hesabu yake anaona heri abebe kila kitu. Ndio maana kumkemea mtoto ati apunguze begi hakusaidii, anajua kenye anaogopa.

Kuna kingine. Tangu 2018 serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na mtoto akipoteza mzazi analipa. Sasa darasa halina mlango, ama mlango uko lakini kufuli hakuna, mwalimu mkuu atakubali aje vitabu vilale hapo? Anasema kila mtu aende na chake nyumbani. Tukisema shule iko na roho mbaya tunakosea, shule inachunga mali.

Ni kweli begi ndio inaharibu mgongo?

Hapa nitakujibu vile iko hata kama haitakufurahisha. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti nyingi za watoto wa shule na mabegi wakazisoma pamoja, na hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba uzito wa begi peke yake ndio unaleta ugonjwa wa mgongo. Yenye ilionekana zaidi ni mtoto mwenye anahisi begi yake ni nzito, mwenye anachoka nayo, huyo ndio huwa analalamika mgongo. So ukisikia mtu anasema begi inavunja uti wa mgongo ujue ameongeza chumvi.

Hiyo haimaanishi begi ya kilo 8 ni sawa. Mtoto akibeba mzigo mkubwa anainama mbele, shingo inatoka, misuli ya mabega inakaza, na hiyo inauma kweli hata kama mfupa hauna shida yoyote. Ni uchovu wa misuli na unatoka akipumzika. Pia anaanguka haraka, hasa kwa matope ya Nyalenda mvua ikinyesha.

Sasa mimi niulize pia. Huyo mtoto akifika nyumbani anaenda kuchota maji? Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Watu wanaleta msichana kwangu begi yake ni kilo 5, wanataka nizungumze na shule, halafu ukimuuliza pole pole unapata kila jioni anapanda na mtungi kichwani kutoka kisimani mara mbili. Sisemi asisaidie kazi. Mpe wa lita 10 aende mara mbili, ama wa tano kama ni mdogo, na yule kaka yake mwenye ako kwa simu pia aamke.

Halafu kuketi. Masaa rasmi ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri lakini tunajua vile inaenda, kuna watoto wanaingia giza na kutoka giza. Wanne kwa deski moja, benchi haina mahali pa kuegemea, kipindi cha michezo kimemezwa na hesabu. Mgongo hautaki kukaa namna moja muda mrefu, hata ukikaa wima kama askari utauma tu. Mtoto akiweza kusimama kati ya vipindi ajinyooshe, na akicheza mpira jioni, hiyo ni dawa kubwa kuliko begi yoyote ya bei.

Atapata kibiongo? Atakuwa mfupi?

Hapana na hapana. Uti wa mgongo kupinda upande, ile huwa tunaona kwa watoto wakiingia ujana, mara nyingi sababu yake haijulikani na haitoki kwa begi. Ila ichunguze: mwambie mtoto avue shati, ainame mbele mikono ikining'inia kama anatafuta sarafu sakafuni, wewe simama nyuma yake. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mpeleke akaangaliwe, na usingoje mpaka amalize kukua.

Ya ufupi ni hivi, kati ya mifupa ya mgongo kuna vitu kama mito na mchana vinabonyea kidogo, usiku ukilala vinajaa tena. Hata wewe bila begi uko mfupi jioni kuliko asubuhi, karibu sentimita moja. Hakuna mtu amekosa urefu juu ya vitabu.

Begi inavaliwa aje?

Mikanda yote miwili. Najua ya bega moja ndio inakaa vizuri mbele ya marafiki, lakini upande mmoja unabeba yote na mwili unapinda kutafuta balansi. Kaza mikanda mpaka begi ishike mgongo, chini yake isipite kiuno sana, ile kubembea kwa matako ndio inavuta mabega nyuma. Vitabu vizito viende karibu kabisa na mgongo, vyepesi upande wa nje, na chupa ya maji ukiweka upande huu weka kitu upande ule. Kama iko na kamba ya kifuani au ya kiuno, ifunge, haikuwekwa kwa urembo.

Kuiinua pia kuna namna. Iweke kwa deski ama ukuta mfupi, ugeuke, uingize mikono. Usiiokote chini kwa mkono mmoja ukiwa umejizungusha.

Ninunue begi gani, na pesa hakuna?

Soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili, utapata za mtumba nzuri kuliko mpya nyingi za dukani, zile mpya za katuni zinapasuka kabla nusu muhula. Angalia mikanda iwe mipana na iko na sponji ndani, mgongoni pia kuwe na sponji, na begi tupu iwe nyepesi mkononi. Saizi ndio watu wanakosea: mzazi ananunua kubwa ndio mtoto aitumie mpaka gredi ya 9, na begi kubwa hujazwa, hiyo ni kawaida ya begi. Nunua inayotoshana na mgongo wake wa sai.

Kama uko na begi nzima na mikanda ndio imekuwa kamba, usitupe. Peleka kwa fundi wa viatu, mwambie ashone mikanda mipana ya turubai na aweke kipande cha sponji ya godoro la zamani ndani. Inatoka bei kidogo na inashinda ya duka.

Na zile za magurudumu?

Kwa lami na sakafu, sawa. Kwa barabara zetu za ndani mtoto ataishia kuibeba mkononi na zenyewe ni nzito zaidi tupu. Mimi singenunua.

Mimi niko gredi ya 8, nikiacha vitabu mwalimu ananipiga. Nifanye?

Kwanza kuchapwa shuleni kumekatazwa na Katiba ya 2010 na sheria ya elimu ya 2013 pia, so hiyo isikuingie kama kitu cha kawaida, ambia mzazi ama mwalimu mwenye unamwamini. Lakini najua kesho asubuhi bado utataka kuwa na kitabu, so jaribu hivi. Ongea na deskimeti wako, mgawane: wewe unabeba cha hesabu na Kingereza, yeye analeta cha sayansi na cha masomo ya jamii, mnasoma pamoja. Mwambieni mwalimu kabla, msimshtue. Walimu wengi hawana shida wakiona kitabu kiko mezani. Daftari beba zako zote za siku hiyo, hizo hazigawanwi.

Panga begi usiku ukiangalia ratiba, sio asubuhi ukikimbia juu asubuhi unasukuma kila kitu. Na daftari kubwa ikiwa umeandika kidogo tu, uliza kama unaweza tumia ndogo za kurasa 48 ukibadilisha zikijaa. Homuweki ya ukurasa mmoja iandike kwa karatasi shuleni, ama kama kuna simu nyumbani, leta kitabu Ijumaa mzazi apige picha, halafu kitabu kibaki shuleni.

Nitaongea na shule aje bila kuonekana mzazi msumbufu?

Usiende peke yako na usiende na hasira. Nendeni wazazi watatu wanne wa darasa moja kwa mwalimu wa darasa kwanza, mkiwa mmepima mabegi, namba hubishaniwa kidogo kuliko machozi. Mkifika kwa mwalimu mkuu ama mkutano wa wazazi, msiseme tu "vitabu ni vingi", sababu yeye hakuandika mtaala. Ulizeni kitu kimoja: vitabu vya serikali vinaweza lala shuleni? Akisema vitaibiwa, na atasema, hapo ndio mnaleta pendekezo. Kabati ya chuma yenye kufuli kwa kila darasa, ichangwe kidogo kidogo, fundi wa chuma wa hapo karibu aitengeneze, funguo ikae na mwalimu wa darasa na orodha ya vitabu ibandikwe ndani ya mlango. Nimeona shule ya kawaida kabisa ya kutwa ikifanya hivi na watoto wanaenda nyumbani na daftari mbili na kitabu kimoja.

Ya pili mnaweza omba ni ratiba iheshimiwe, mwalimu akibadilisha kipindi asiadhibu mwenye hana kitabu siku hiyo. Hii haina gharama yoyote lakini ndio ngumu kupata, nawaambia mapema. Maji pia, tanki yenye maji safi shuleni inatoa kilo moja kwa kila begi.

Mkono wa mtoto unakufa ganzi akibeba begi, ni damu?

Mara nyingi ni mishipa ya fahamu inafinywa na mkanda mwembamba hapo begani. Punguza uzito, panua mkanda, itatulia. Ikiwa ganzi inabaki hata bila begi, ama ameanza kuangusha vitu na kushindwa kuinua mkono, hiyo ni ya daktari, usikae nayo nyumbani.

Leo mgongo unamuuma sana, nimpe nini?

Paracetamol kwa dozi ya uzito wake inatosha. Kitambaa cha maji moto kwa misuli, dakika kumi na tano hivi, kisichome. Usimpe aspirini kama hajafika miaka 16, na zile tembe za maumivu za dukani zingine ziko na aspirini ndani so soma pakiti. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya baba, pia aachie baba.

Asilale kitandani siku nzima ati apone. Atembee, acheze kidogo, begi iwe nyepesi hiyo wiki. Maumivu ya misuli huwa yanapungua ndani ya siku chache.

Nitajua aje si begi, ni ugonjwa?

Soma hii pole pole tafadhali. Mpeleke hospitali kama maumivu yanamwamsha usiku, kama yamepita wiki tatu nne na hayapungui, kama ni mtoto mdogo wa chini ya miaka 5 analalamika mgongo, kama alianguka kwa boda ama kutoka kwa mwembe. Mpeleke siku hiyo hiyo kama miguu imekosa nguvu au ina ganzi, ama mkojo na choo vimeanza kumponyoka au vimekataa kutoka.

Joto mwilini na mgongo pamoja, huku kwetu apimwe malaria haraka, na mkojo pia upimwe kwa sababu figo ikiwa na maambukizi huuma pale pale nyuma. Akikonda, anatoka jasho usiku, na kuna mahali mfupa wa mgongo umetokeza, hiyo inaweza kuwa TB ya mfupa, inatibika na dawa za TB kwa hospitali za serikali ni za bure, lakini ikicheleweshwa inaweza kulemaza miguu.

Na ukanda wetu wa ziwa mpaka Western siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, iko kwa watoto wengi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mtoto wa siko seli mgongo ukimshika inaweza kuwa ni damu imeziba ndani ya mifupa, hasa akikosa maji, akinyeshewa ama akichoka sana. Huyo usimwambie ajikaze. Maji kwa wingi, dawa zake, hospitali. Na kwake chupa ya maji isitolewe kwa begi kabisa, toa vitabu. Kama hajawahi pimwa na maumivu ya mifupa yanarudi rudi, pimeni.

Kwa wasichana wakubwa, mgongo wa chini ukiuma siku chache kila mwezi, angalia kalenda kabla hujalaumu begi.

Nyanya yake anataka akandwe na mtu wa mifupa wa kijijini, ni mbaya?

Kupakwa mafuta na kusuguliwa misuli polepole haina ubaya, na nyanya msimkosee heshima. Kenye sitaki ni mtoto kukunjwa mpaka mgongo utoe sauti ama kukanyagwa na ndugu yake mgongoni. Kama shida ni TB ama mfupa umevunjika, hapo mnaongeza kubwa juu ya kubwa.

Kwa boda begi ikae wapi?

Sio mgongoni kwa mtoto mdogo, inamvuta nyuma boda ikitoka kwa nguvu, na wakiwa watatu yule wa nyuma anasukumwa na begi ya wa mbele. Mwendesha boda aiweke mbele yake ama ifungwe vizuri kwa keria, mikanda isining'inie karibu na gurudumu. Na helmeti, bana, tunaongea mgongo na kichwa kiko wazi.

Mtoto wa bodingi na sanduku la chuma?

Libebwe na watu wawili, kila mtu upande wake. Vitabu visirundikwe vyote ndani ya sanduku, gawanya kwa begi, na godoro liende safari yake. Siku ya kufungua shule huwa naona kijana ameweka sanduku begani, godoro kichwani na ndoo mkononi kutoka stegi, na mzazi anatembea nyuma na risiti ya fii. Beba ndoo.